Upande Ulionyolewa Bure

Ninyi vijana mnaosoma kazi za hospitali na maabara, mimi nina hasira, na msiniletee maji ya kunywa ili nitulie. Nimestaafu, nalima mihogo hapa Kafutuma, magoti yamechoka, lakini hasira haijastaafu. Mwalimu wenu aliponiomba niwaandikie kumbukumbu za kazi yangu, nadhani alitegemea hadithi tamu za zamani. Tamu ni chache, nitazipachika humu humu. Nimekubali kuandika kwa sababu ya Mama Feza, jirani yangu, aliyenyolewa nywele upande ambao haukuwa na ugonjwa.

Kazi yangu ilikuwa kukata ubongo wa watu waliokufa. Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu nilizunguka miaka mingi. Nilivuka Ziwa Mweru kutoka upande wa Kongo kuja huku Zambia nikiwa mkimbizi kijana, nikapata kazi ya kufagia kwenye maabara moja kule mji mkubwa, na kutoka kwenye ufagio nikapanda hadi kwenye kisu. Niliporudi likizo na kuwaeleza ndugu ninachofanya, mama mkwe wangu alinitengea sahani yangu, kikombe changu na kiti changu, na mpaka anaingia kaburini hakunipa mkono tena. Sikumlaumu. Mikono yangu ilinuka formalini, dawa ya kuhifadhia viungo vya maiti, hata siku ya Pasaka.

Tulichokuwa tunatafuta ni njia ya kuona. Mnadhani macho ndiyo yanayoona? Macho yanapokea tu. Kutoka hapo nyuzi nyembamba sana hukusanyika zikaenda nyuma mpaka kisogoni, na huko kisogoni ndiko mtu anakoona. Njiani nusu ya nyuzi za kila jicho huvuka kwenda upande wa pili. Kwa hiyo vitu vyote vilivyo kushoto kwako, macho yote mawili yanavipeleka upande wa kulia wa ubongo, na vya kulia vinakwenda kushoto. Shikeni hilo hata kama mtasahau mengine yote. Halafu kuna nyuzi nyingine zenye ukaidi: badala ya kwenda nyuma moja kwa moja, huenda mbele kwanza ndipo zikageuka, sawa na mtu wa Nchelenge anayetaka kwenda Mansa, kusini, lakini akaanza kwa kupanda Kashikishi, kaskazini, kumuaga shangazi yake. Daktari asiyeijua kona hiyo anaweza kuikata akidhani hapo hapana kitu.

Njia hiyo tuliitafuta kwa namna mbili. Kwanza ubongo mzima uliingia kwenye mashine ya MRI, ile yenye sumaku kubwa, siku za Jumapili ambazo wagonjwa hawakupangiwa. Halafu sisi wa visu tukaukata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, tukavitia dawa ya rangi ili nyuzi zionekane nyeusi chini ya hadubini, tukalinganisha kipande na picha. Mashine haioni uzi. Inafuata jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama, kisha inakisia uzi ulipo na kukuchorea mistari ya rangi nzuri. Siku hizi nawaona mnaitazama mistari ile kwenye kompyuta mkidhani mmeona nyuzi zenyewe. Mmeona makisio. Uzi wenyewe uko kwenye kioo chini ya hadubini, na hata huko utakudanganya ikiwa mkataji alikuwa mzembe. Nayasema haya nikiwa mtu aliyewahi kuwa mzembe.

Aliyenifundisha ni Ba Chanda, yaani Bwana Chanda, Mzambia wa upande wa Mansa, mtu mfupi, mkimya, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe. Ubongo mbichi, alisema, ni laini kama bukari, ugali wetu, ambao haujaiva. Ukiukata hapo umeuponda. Uache wiki kadhaa kwenye formalini mpaka ushikane kama muhogo uliochemshwa. Ukiutia kwenye chombo cha kwendea mashineni, fukuza hewa yote: gonga chombo polepole, kigeuze, kiache, gonga tena. Mara moja nilifanya haraka, na profesa wetu akamaliza wiki nzima akichunguza shimo jeusi ndani ya picha, anaamini amepata ugonjwa mpya. Kilikuwa kiputo cha hewa. Ba Chanda alipendekeza ugonjwa huo upewe jina langu.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa mkato mdogo. Kabla ya kukitoa kipande chochote mahali pake, alikichonga kidogo kwa ncha ya wembe, chini, upande wa kushoto. Kushoto kwa mwenye ubongo, si kwako wewe unayeutazama. Kipande kilichokwisha kutolewa hakina uso wala bega. Kikigeuka ndani ya maji, hata mama aliyemzaa mtu yule hawezi kukuambia upande upi ni upi. Kila nilipompelekea kipande aliuliza jambo moja kwa Kibemba, "Icishibilo cili kwi?" Alama iko wapi. Kabla ya kupata jibu hata salamu hakuitikia.

Sasa nije kwa Mama Feza. Ana miaka kama arobaini, asili yake ni upande wa Moba kule Kongo, anauza samaki wakavu wanaotoka kisiwa cha Chisenga. Katika kanisa letu sisi Wakongomani yeye ndiye msomaji. Akianza kusoma Neno, hata wenye kikohozi wanakizuia. Msimu mmoja wa mvua akaanza kusoma vibaya. Mistari yake ilianzia katikati. Akimaliza mmoja, unaofuata aliuanzia kwenye neno la tatu au la nne, akasimama, akarudi, akapotea. Jumapili ya kwanza watu walicheka kidogo. Jumapili ya tatu wazee wa kanisa walikaa kikao, wakasema kuna pepo lisilotaka Neno lisomwe, wakamfungisha siku saba na kumwekea mikono. Alitoka kwenye mfungo amekonda, na bado anaanzia katikati.

Wazee wa kanisa siwacheki. Wao waliona kwamba mwenzao ana shida, wakajaribu kwa kile walichonacho. Hasira yangu iko kwenye kliniki moja ambayo siitaji. Kijana mwenye kifaa shingoni alimsimamisha Mama Feza mbele ya ubao wa herufi, akamfunika jicho moja, kisha la pili. Mama alisoma mpaka mstari wa chini wenye herufi ndogo kabisa, ila kwenye kila mstari aliruka herufi za mwanzo. Kijana aliliona hilo. Mnajua alimwambia nini? Asome bila haraka. Akaandika kwamba macho ni mazima, akampa dawa ya matone. Mama aliporudi mara ya pili, akaandika kwamba huyu anajifanya mgonjwa. Maneno hayo niliyasoma mwenyewe kwenye daftari lake la kliniki. Ugonjwa ulikuwa umeandikwa ubaoni mbele yake, mstari baada ya mstari, naye akauita haraka.

Kwangu alikuja kuuza samaki tu. Alipoingia aligonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango. Alipogeuka kutoka, akagonga bega lile lile kwenye mwimo wa pili. Nikamwomba akae. Nilikaa mbele yake, nikamwambia anitazame puani bila kuhamisha macho, nikatikisa vidole upande wake wa kulia. Akaviona. Nikatikisa upande wake wa kushoto.

"Unangojea nini, papa?" akasema. "Tikisa basi."

Nilikuwa natikisa. Nikamfunika jicho moja, nikarudia, kisha la pili, na ikawa ni ile ile. Kushoto kote hakukuwepo, kwa macho yote mawili. Basi macho yake yalikuwa mazima kweli. Njia ndiyo iliyozibwa, upande wa kulia, nyuma ya pale nyuzi zinapovukana. Miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nimeitazama njia hiyo kwenye vioo, na sasa ilikuwa imekaa kwenye kigoda changu na beseni la samaki. Nikamweleza nilivyoweza.

"Bon. Haiko pepo?"

"Haiko."

"Na mi siko muongo?"

"Hauko muongo, mama. Iko kintu ndani ya kichwa inakanyaga njia."

Hapo ndipo alipolia. Wakati wote wa mfungo na matone na dharau hakuwa amelia, alilia alipoambiwa kwamba si mwongo. Nikachukua uzi mwekundu kwenye kikapu cha ushonaji cha mke wangu, nikaulaza pembeni mwa ukurasa wa Biblia yake, kushoto. Nikamwambia kila anaporudi kwenye mstari mpya asianze mpaka ameona wekundu. Jumapili iliyofuata alisoma sura nzima, polepole, bila kuruka neno. Wazee walisema maombi yamejibiwa. Mimi nilikuwa na haraka nyingine: kitu kinachokanyaga njia huwa hakitosheki na nusu. Nikaandika barua kwa daktari wa wilaya, nikachora na ramani ya nyuzi, nikakaa nje ya ofisi yake siku mbili mpaka akaisoma, na akakubali kumtuma mji mkubwa kupigwa picha.

Lakini kabla sijawafikisha huko, lazima niungame, la sivyo hasira yangu itakuwa ya mnafiki.

Miaka ile maabara tulipokea ubongo wa mwalimu mmoja mstaafu. Jina lake hatukuruhusiwa kulitaja, sisi tulimwita Ba Ticha. Damu ilikuwa imeziba kichwani mwake akapoteza nusu ya kuona, na shuleni wakasema amelewa, kwa sababu aligonga madawati na kuruka mwanzo wa mistari. Aliondolewa kazini kwa aibu. Kabla hajafa aliandika karatasi kwamba kichwa chake kichunguzwe, ili mtu mwingine atakayepatwa na jambo hilo aaminiwe. Ba Chanda alinisomea karatasi ile kabla hajanikabidhi kisu.

Kuna kituo kidogo njiani, nyuzi zinapopumzika kabla ya kuendelea, kina umbo la goti lililokunjwa. Cha Ba Ticha kilitoka safi sana. Nilikitazama nikaona huruma kukichonga. Nikajisemea nitaweka alama baadaye. Kikateleza kutoka kwenye sinia kikaingia kwenye maji, kikageuka mara mbili au tatu, na nilipokiopoa sikujua tena. Sikumwita mtu. Nilibahatisha upande, nikachonga alama, nikakipeleka. Ba Chanda aliuliza alama iko wapi, nikamwonyesha ile niliyoitunga, naye akaitikia salamu yangu.

Miezi ikapita picha na kipande havipatani. Profesa alifurahi, akaanza kuandika kwamba nyuzi za binadamu hupita mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaona. Mficha uchi hazai. Jumatatu moja nilimwambia Ba Chanda ukweli, naye akamwambia profesa. Profesa, kwa kuona haya mbele ya wageni wake, aliamuru vipande vyote vya Ba Ticha vichomwe na jambo hilo lisisemwe tena. Vikachomwa pamoja na takataka za hospitali. Mwalimu aliyetoa kichwa chake ili mwingine aaminiwe, mimi nilimfanya mwongo mara ya pili.

Ba Chanda hakunipigia kelele. Kwa mwezi mzima aliniwekea kila asubuhi sufuria la muhogo uliochemshwa, nami nikaukata vipande na kuchonga kila kipande upande wa kushoto, mpaka saa sita, ndipo yeye akaula na karanga. Alinenepa mwezi ule. Mimi mpaka leo siwezi kukata muhogo bila kuuchonga, na mke wangu amechoka kuuliza.

Haya, hospitali. Nilikwenda na Mama Feza nikiwa bedsaida, ndivyo wanavyomwita ndugu anayemkalia mgonjwa, anayechota maji na kufua nguo. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa fundi wa maabara. Picha ilionyesha uvimbe wa ukubwa wa yai la njiwa, kisogoni, upande wa kulia. Madaktari walisema ni wa aina inayotolewa, ila ukiachwa utachukua na nusu iliyobaki. Mama aliuliza swali moja tu, kama ataweza kusoma. Wakamjibu kwamba wanaharakisha ili aweze.

Asubuhi ya upasuaji nilitoka kuchota maji. Niliporudi, nesi alikuwa anakung'uta wembe, na kichwa cha Mama Feza kilikuwa cheupe upande mmoja, kutoka sikioni mpaka kisogoni. Upande wa kushoto. Ndoo ilinianguka mkononi. Nesi aliniambia amefuata karatasi, akanionyesha, na kweli karatasi ilisema kushoto. Kosa halikuwa lake.

Nikaenda kwa daktari kijana aliyeijaza. Akainua picha dirishani, doa jeupe liko upande wa kushoto wa picha, akaniambia nione mwenyewe. Nikamweleza kwamba picha ile unaisoma kama vile mgonjwa amelala chali nawe umesimama miguuni pake, basi kushoto kwako ni kulia kwake. Akasema kila picha ina herufi ya upande, akaitafuta. Kwenye kona, juu ya herufi, palikuwa pamebandikwa stika yenye jina la Mama Feza. Nikamwomba aibandue. Alisema picha ni mali ya hospitali, na mimi ni bedsaida, nikangoje nje. Ripoti ya aliyeisoma picha, iliyosema kulia kwa maandishi makubwa, ilikuwa imekunjwa ndani ya faili lile lile aliloliegemea kwa kiwiko. Mimi sikuijua wakati ule. Yeye alikuwa nayo.

Damu ilinichemka, vijana. Niliona sinia, niliona maji, niliona mkato wangu wa uongo. Nikaenda nikakaa sakafuni mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, nikawaambia wanaosukuma kitanda kwamba watanipitishia magurudumu mwilini. Wakamwita mlinzi. Mlinzi alinishika kwapa, nami nikashika mguu wa kitanda, mzee mzima, aibu tupu. Kelele zikamtoa daktari mpasuaji mwenyewe, mwanamke wa makamo, kofia imeshafungwa. Akauliza huyu ni nani. Sikumwambia mimi ni nani.

"Daktari," nilisema, "mwonyeshe vidole upande wa kushoto. Ni hivyo tu."

Alinitazama. Nadhani ni ule ukaidi wa sakafuni uliomfanya asikie. Akasimama mbele ya Mama Feza, akamwambia kwa Kibemba amtazame puani, akainua mkono, akaanza kutikisa vidole. Mama Feza alimtazama pua kwa adabu, akangoja, kisha akaniuliza mimi kwa Kiswahili.

"Na yeye anangojea nini, papa?"

Daktari mpasuaji aliendelea kutikisa kidogo, kisha mkono ukashuka. Akaiomba picha, akaibandua stika kwa ukucha, akaisoma herufi iliyokuwa chini yake. Alisema aletewe wembe.

Uvimbe ulitoka wote. Wiki moja baadaye nilimkuta daktari kijana kwenye ngazi, nikadhani atasema pole, si kwangu, kwa mama. Alisema, "Mzee, hakuna kilichotokea." Hilo ndilo neno linaloniamsha na kunifanya niandike. Profesa wetu naye alisema hivyo hivyo wakati moshi wa Ba Ticha ukipanda. Hakuna kilichotokea. Ukisema hivyo umeshachonga alama ya uongo, na anayekuja nyuma yako ataiamini.

Basi wekeni alama kabla ya kukiinua kipande. Msibandike jina la mtu juu ya upande wake. Na mtu akiruka mwanzo wa mstari, msimwambie apunguze haraka. Mwulizeni anaona nini, kisha mnyamaze asikike.

Mama Feza amerudishiwa sehemu ya kuona, si yote. Jumapili ya kwanza kanisani alisimama mbele, akafungua kitambaa kichwani ili wazee waone kwamba pepo lilikuwa na ukubwa wa yai la njiwa. Kulia palikuwa na kovu refu. Kushoto palikuwa na ngozi laini, nywele zinachipua, hakuna hata mkwaruzo. Mzee mmoja akauliza kama walimpasua mara mbili.

"Hapana," alisema. "Ya kuume njo ya ugonjwa. Ya kushoto ni ya mutu mwenye hakuuliza."

Akafunga kitambaa chake, akalaza uzi mwekundu pembeni mwa ukurasa, akatafuta mwanzo wa mstari, akasoma.